Sekondari ya Kikatoliki ya mchanganyiko pembezoni mwa Dar: ikague kabla hujalipa ada

Kuanzia Kimara hadi Kibamba, Tegeta hadi Bunju, Gongo la Mboto hadi Chanika, mabango ya shule yanayoanza na "St." ni mengi mno. Mzazi Mkatoliki akiliona bango la namna hiyo moyo unatulia, anajua amefika nyumbani. Asitulie mapema. Mtu binafsi anaweza kuipa shule yake jina la mtakatifu na akasajiliwa bila tatizo. Kanisa lina utaratibu wake: Kanuni ya 803 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema shule yoyote isijiite Katoliki bila ridhaa ya mamlaka ya Kanisa, na Kanuni ya 805 inampa askofu wa mahali haki ya kuwateua au kuwaidhinisha walimu wa dini, na hata kuwaondoa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni la umiliki. Majibu yanayoeleweka ni matatu: shule ni ya jimbo, ya parokia, au ya shirika la kitawa. Loyola ya Mabibo, kwa mfano, ni ya Wajesuiti, na hilo halina mjadala. Kwa shule usiyoijua, usimuulize mwenye shule kwanza. Muulize paroko wa eneo ilipo, au ofisi ya elimu ya jimbo. Kama paroko hajui ni padre gani anaihudumia shule iliyo kilomita mbili kutoka kanisani kwake, jibu umeshalipata.

Sasa tuje kwenye neno "mchanganyiko", maana ndilo gumu. Kwa muda mrefu Kanisa halikupenda kuwasomesha wavulana na wasichana pamoja. Papa Pius XI aliandika waziwazi dhidi ya utaratibu huo mwaka 1929. Wamisionari wetu walifuata njia hiyo hiyo: wavulana Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha hadi mwaka 1955, wasichana kwa masista Kifungilo. Serikali ilipozitaifisha shule za mashirika ya dini baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969, seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa, nazo ni za wavulana watupu. Shule binafsi zilipofunguliwa tena kwa wingi na mji ukatanuka, mahitaji yakawa mengine kabisa. Familia za pembezoni zilitaka shule ya kutwa, karibu na nyumbani, ambayo kaka na dada watapanda basi moja.

Seminari na shule ya masista zina ukuta, zina kengele ya usiku, na kila saa ya mtoto ina mtu wa kuisimamia. Shule ya kutwa ya mchanganyiko haina ukuta huo. Inachokuwa nacho ni watu na ratiba. Ukikagua majengo, kapela na zulia la ofisini ukaacha watu na ratiba, hujakagua kitu.

Nenda getini saa 12:15 asubuhi, siku ya kawaida, bila miadi. Usiende siku ya wazazi. Shule nyingi za huku zina mabasi machache kuliko njia zake, hivyo basi moja hupiga tripu mbili. Watoto wa tripu ya kwanza wanachukuliwa kituoni saa 11:15 alfajiri na kushushwa shuleni kabla ya saa 12:30. Mstarini ni saa 1:15, vipindi vinaanza saa 1:30. Hesabu mwenyewe: kuna zaidi ya dakika 45 ambazo watoto wako ndani ya geti na walimu wengi bado wako kwenye foleni ya mwendokasi. Wako wapi muda huo? Kama wamekaa darasani, taa zimewaka, mwalimu wa zamu anapita na daftari la majina, shule hiyo inajua kazi yake. Kama wametawanyika nyuma ya madarasa gizani, wawili wawili, huna haja ya kusoma kanuni zao za maadili.

Jioni ni hivyo hivyo, ila kwa muda mrefu zaidi. Vipindi vikiisha saa 9:00 alasiri, basi la tripu ya kwanza linaondoka saa 9:30, na kurudi kuchukua tripu ya pili saa 11:00 kama njia ni nzuri. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za vumbi za Goba au Chanika zinageuka tope na saa 11:00 inakuwa saa 12:30. Shule nzuri inapanga watoto wa tripu ya pili kuwa na masomo ya ziada au michezo inayosimamiwa, kwa majina, na tripu zinabadilishana kila muhula ili wasiwe wale wale wanaochelewa nyumbani. Uliza orodha ya wanaosubiri inakaa kwa nani. Akitajwa mlinzi wa getini, hapo pana kasoro kubwa, hata kama mlinzi ni mtu mwema.

Ndani ya basi angalia awepo msimamizi mtu mzima zaidi ya dereva, na kwa basi la mchanganyiko wawepo wawili, mwanamke na mwanamume. Wanaoshuka mwisho ndio wa kufikiriwa. Binti mmoja akibaki na dereva na konda kwa dakika 20 za mwisho kila siku, njia imepangwa vibaya. Dawa yake ni rahisi: msimamizi wa kike awe ndiye anayeshuka wa mwisho. Kwa wanaotumia daladala, nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, lakini makonda hukwepa wanafunzi asubuhi kwa sababu kiti cha 200 ni kiti kilichopoteza nauli kamili. Mtoto wa daladala awe na sare kamili na kitambulisho chenye picha, na aondoke nyumbani nusu saa kabla ya muda ambao ramani ya simu inakuambia unatosha.

Vyoo. Wazazi wengi huona aibu kuomba kuviona, nami nasema ombeni. Mwongozo wa Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 200 na wavulana 200 inahitaji matundu 10 upande wa wasichana na 8 upande wa wavulana, bila kuhesabu ya walimu. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kujenga idadi sawa pande zote mbili kwa ramani moja, halafu foleni ya wasichana inakula mapumziko yote ya dakika 20. Msichana anayejua hatapata choo wakati wa mapumziko huacha kunywa maji tangu asubuhi. Anayeketi dirishani upande wa jua anaumwa kichwa kabla ya kipindi cha sita. Milango ya vyoo vya pande mbili isitazamane. Upande wa wasichana pawe na chumba cha kubadilishia chenye komeo la ndani, ndoo yenye mfuniko, maji na kichomea taka, na taulo za kike zipatikane kwa matroni bila kuandika barua.

Maji yenyewe yahesabiwe. Shirika la Afya Duniani linaweka lita 5 kwa mtu kwa siku katika shule ya kutwa, na choo cha kumwagia maji kinaongeza lita kama 1.5 hadi 3. Chukua lita 8 kwa watu 430, wanafunzi na wafanyakazi: ni lita 3,440 kwa siku. Simtanki la lita 10,000 linaisha siku ya tatu. Maji ya bomba yakikatika Jumatatu, shule yenye tangi moja tu la ukubwa huo inaanza kufunga baadhi ya vyoo Jumatano. Kisima au matangi matatu, moja kati ya hayo ni lazima.

Matokeo nayo. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, na kwa maoni yangu lilifanya vyema, lakini ukurasa wa kila shule bado uko wazi na una mengi kuliko watu wanavyofikiri. Fungua matokeo ya kidato cha nne ya shule husika, tazama jedwali la muhtasari wa madaraja. Lina mistari mitatu: F ni wasichana, M ni wavulana, T ni jumla. Matangazo ya shule hukuonyesha T peke yake. Kwa shule ya mchanganyiko, soma F na M kwanza. Tuseme, kwa mfano, mstari wa F una daraja la kwanza 31 kati ya wanafunzi 50, na wa M una 14 kati ya 50. Jumla ni 45 kati ya 100, inapendeza. Lakini kama una mtoto wa kiume, shule unayomnunulia ni ya 14 kati ya 50, na una haki ya kumuuliza mkuu wa shule wavulana wanapotelea wapi. Yako mashule ambayo tofauti hiyo inageuka, wasichana wanabaki nyuma, hasa Fizikia na Hisabati. Tazama miaka mitatu, mwaka mmoja unaweza kudanganya.

Ukumbuke daraja linavyopatikana: masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Hapo utaona kuwa mwenye 7 na mwenye 17 wote wameandikwa "I", ingawa wa kwanza ana A saba na wa pili ana C nyingi. Chini ya ukurasa kuna wastani wa kila somo, na hapo namba ndogo ndiyo bora. Shule yenye daraja la kwanza tele huku Hisabati ina wastani wa 4 na kitu, inawabeba watoto kwa masomo mengine.

Halafu fanya hesabu moja ambayo shule haitakufanyia. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili nayo yapo mtandaoni. Chukua idadi ya waliofanya kidato cha pili mwaka fulani, linganisha na waliofanya kidato cha nne miaka miwili baadaye. Wakiwa 118 kisha wakabaki 109, ni kawaida, watu wanahama mji. Wakiwa 118 kisha 86, wanafunzi 32 wamechujwa njiani: wameambiwa wahame au warudie kwa sababu hawakufikia wastani wa shule. Ufaulu wa asilimia 100 unaotokana na kuwaondoa wanyonge kabla ya mtihani haukutokana na ufundishaji. Kwa shule ya Kanisa jambo hilo linaniuma zaidi, maana hapo ndipo mtoto dhaifu alitegemea kushikwa mkono.

Maabara usiiangalie ikiwa tupu. Omba uingie wakati wa kipindi cha vitendo cha Kemia, cha dakika 80, na uhesabu bureti, ile mirija ya kioo yenye koki ya kupimia kimiminika. Darasa la wanafunzi 45 lenye bureti 15 lina watatu kwa kila moja, inafaa. Lenye bureti 6 lina saba au wanane: mmoja anafungua koki, mmoja anatikisa chupa, wengine wanakopa namba. Zoezi linataka jaribio moja la kukadiria na mengine mawili au matatu ya uhakika, na kila mwanafunzi asome mwenyewe chini ya mkunjo wa maji, macho yakiwa usawa wa alama. Atakayekuwa amesoma bureti mara mbili tu maishani mwake atapoteza alama za mtihani wa vitendo kwa kosa la mililita 0.5, na hakuna tuisheni ya ubaoni itakayomsaidia.

Na hapo hapo tazama mikono. Katika kundi la mchanganyiko lisilosimamiwa, mvulana hushika bureti na msichana hushika kalamu. Yeye ndiye mwenye mwandiko mzuri, basi anaandika. Mwaka mzima unapita hivyo, na mwisho wa mwaka binti ana daftari safi na vidole ambavyo havijawahi kugusa koki. Mwalimu anayejua kazi anaandika zamu ubaoni: jaribio la kwanza fulani, la pili fulani, mwandishi anabadilika kila mara. Ukiziona zamu hizo ubaoni, umekutana na mwalimu wa kweli.

Kuhusu nidhamu, omba kanuni zilizoandikwa na uzisome kwa jicho la mtoto wa kike na la mtoto wa kiume. Adhabu ya viboko ina kanuni za mwaka 2002: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkabidhi kazi hiyo, mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Uliza kitabu hicho kiko wapi. Shule ambayo kila mwalimu anatembea na fimbo haina kitabu. Kesi za mapenzi zitakuwepo, tusidanganyane, ni vijana wa miaka 13 hadi 18. Kinachotakiwa ni hatua zinazojulikana: onyo, mzazi kuitwa, kamati ya nidhamu, kisha bodi, na hatua hizo ziwapate wote wawili. Shule inayomfukuza binti na kumwacha mvulana amalize mtihani imeshasema inachokiamini. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 umefungua njia ya kurudi kwa wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito. Uliza shule inautekelezaje, na usikilize kama jibu ni la huruma au la kukwepa.

Dini sasa. Ratiba ya kawaida ni sala mstarini, Malaika wa Bwana saa 6 mchana, Misa mara moja kwa wiki, Njia ya Msalaba Ijumaa za Kwaresima, Rozari mwezi Mei na Oktoba, na TYCS, chama cha wanafunzi vijana Wakatoliki, kwa wanaopenda. Lakini madarasa ya Dar yana kila mtu: Mlutheri, Msabato, Mwislamu, Mpentekoste. Mzazi asiye Mkatoliki apate majibu kwa maandishi kabla ya kulipa. Je, wasio Wakatoliki wanahudhuria Misa au wana chumba na mwalimu wakati huo? Hijabu inaruhusiwa na sare? Ijumaa mchana mtoto anaruhusiwa kwenda msikitini, na anarudi na nani? Mfungo wa Ramadhani, hela ya chakula cha mchana inarudishwa? Kwa Msabato, majaribio na masomo ya Jumamosi yanakuwaje, hasa kwenye kambi ya kidato cha nne? Shule inaweza kujibu hapana kwa baadhi ya hayo, na ni haki yake. Ubaya ni hapana inayokuja Machi, ada ikiwa imeshaingia benki.

Kambi hiyo nayo ichunguzwe. Shule ya kutwa inapogeuza madarasa kuwa mabweni kuanzia Agosti hadi mtihani wa Novemba, inachukua mzigo isioujenga: vitanda, bafu, mlinzi wa usiku, matroni wa kulala. Kama hakuna jengo la wasichana lenye geti lake na mtu mzima anayelala ndani, mtoto asome nyumbani. Alama chache hazilipi hatari hiyo.

Kuingia ni hivi. Usaili hufanyika baada ya mtihani wa darasa la saba wa Septemba, mara nyingi Hisabati, Kiingereza na maarifa. Leta nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha, na namba ya PREM, yaani namba ya usajili wa mwanafunzi, kutoka shule ya msingi. Jina kwenye PREM lifanane herufi kwa herufi na la cheti cha kuzaliwa. Kosa la "Jackline" na "Jacqueline" likipita darasa la saba litamfuata hadi vyeti vya juu, na kulirekebisha kabla ya usajili wa mtihani ni rahisi kuliko baadaye. Ada ilipwe benki, slipu halisi ibaki kwako na nakala kwa mhasibu. Jumlisha vyote kabla ya kukubali: ada, basi kwa miezi kumi, chakula, sare seti mbili, sweta, kaunta buku, rimu, ada ya mtihani, kambi. Mara nyingi basi na chakula vinakaribia ada yenyewe.

La mwisho ni la kitabu cha parokia, na ndilo linalosahaulika kuliko yote. Shuleni mtoto anaandaliwa, askofu anakuja, anapewa Kipaimara, picha zinapigwa. Kwa mujibu wa Kanuni ya 895, jina lake linapaswa kuandikwa kitabuni na taarifa ipelekwe kwenye parokia alikobatizwa ili ikaandikwe kwenye kitabu cha ubatizo. Mtoto kabatizwa Kibosho au Rubya, shule iko Mbezi, na barua hiyo haitumwi. Miaka 15 baadaye anataka ndoa, anaomba cheti kipya cha ubatizo, kinakuja bila kumbukumbu ya Kipaimara, na wakati huo padre wa shule amehamishwa mara tatu. Wiki ya Kipaimara, mpe katekista wa shule karatasi yenye jina kamili, parokia ya ubatizo, tarehe na namba ya ubatizo. Baada ya mwezi mmoja, piga simu parokia ile na uulize kama imeandikwa.